Likizo ya Siku 28 Inakwenda Wapi?

Niko idara ya utumishi kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar es Salaam. Fomu zote za likizo hupitia mezani kwangu kabla hazijafika kwa bosi. Zina nafasi ya kuandika sababu, ingawa likizo ya mwaka ni haki na mtu hana haja ya kujieleza. Fomu ni ya zamani, hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Watu huandika: msiba wa baba mdogo, Moshi. Harusi ya mdogo wangu. Kumuuguza mama. Kupaua nyumba, Chanika. "Kupumzika" sijakutana nayo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo zenye malipo, Jumamosi na Jumapili zikiwamo humo humo. Kando yake kuna angalau siku nne za malipo kwa aliyefiwa au kuuguliwa na mtoto, au aliyefiwa na mume, mke, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Baba mdogo hayumo. Shangazi hayumo, mjomba hayumo, wala mkwe. Sasa mpigie mama yako umwambie hutakwenda kumzika mjomba kwa kuwa sheria haimtaji!

Kwa hiyo siku zinakatwa kwenye likizo ya mwaka. Mtu anapanda basi alfajiri, akifika anakabidhiwa turubai, chakula na jeneza, maana yeye ndiye mwenye kazi mjini. Halali, hali vizuri, anarudi na deni. Kwenye rekodi zangu amepumzika siku kumi.

Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu wa kazi mwaka 2019 kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kuifanya kwa dharau, na kujiona huiwezi tena. Likasema si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa kazini usiodhibitiwa, na likaonya maelezo hayo yasitumiwe kwa mambo ya nje ya kazi. Hapo sikubaliani nalo, walau kwa watu ninaowaona kila siku. Mshahara ukiingia tarehe 25, tayari una wenyewe: kamati ya harusi, grupu la ukoo, ada ya mtoto wa dada, rejesho la mkopo uliochukuliwa kulipia harusi iliyopita. Vijana wa ghala wanagombania ovataimu. Kisheria haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Meneja akiwaambia wakapumzike, wananuna. Utasema huo uchovu ni wa kazini au wa nyumbani?

Daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1974, aliliona kwanza kwenye kliniki ya bure jijini New York, miongoni mwa watu waliokuwa wakijitolea, naye akiwa mmoja wao. Waliokuwa hatarini zaidi ni wenye moyo wa kujituma. Namfahamu mama mmoja wa hivyo pale uhasibuni. Ni mweka hazina wa kila kamati, hakuna asiyemwita dada. Siku hizi anakaa mbele ya kompyuta anautazama mstari mmoja, akiulizwa jambo anajibu kwa mkato. Wenzake wanasema ana maringo.

Bosi naye simwachi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Kwetu mtu akianguka, kwanza anatafutwa mchawi. Tena kuna simu: "Samahani, najua uko likizo, lile faili la oda umeliweka wapi?" Sheria ile ile inamkataza mwajiri kumtaka, au hata kumruhusu, mtu aliye likizo amfanyie kazi bila mwenyewe kuridhia. Nimewaonyesha mameneja kifungu chenyewe, wakacheka, wakaendelea kuandika kwenye grupu la kazini.

Ukoo hauna pa kushtakiwa, huko ni wewe na ulimi wako, na kujifunza kusema "mwezi huu sina." Mwajiri anapo. Ukinyimwa likizo yako, omba tena kwa maandishi, tunza nakala, na ukikataliwa nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Mgogoro wa aina hiyo hufunguliwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea.