Fahamu: Nani hukagua usalama wa jengo la shule?

Mzazi wa Handeni au Korogwe hana mlango mmoja wa kubisha hodi. Wilaya hizi mbili zina halmashauri nne, na wahandisi wa halmashauri ndio wanaosimamia ujenzi wa shule za umma. Wathibiti ubora wa shule, walio chini ya Wizara ya Elimu, huangalia mazingira ya kujifunzia. Kinga dhidi ya moto hukaguliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007.

Ugumu uko kwenye maboma. Wananchi huchanga, huinua kuta hadi usawa wa lenta, kisha serikali humalizia. Ari hiyo imewapa watoto wengi madarasa, na inastahili heshima. Lakini mhandisi akifika msingi ukiwa umeshafukiwa, haoni tena kina chake wala ubora wa zege. Aitwe kabla msingi haujamwagwa, na tena kabla ya kuezeka.

Bweni ni jambo zito zaidi. Septemba 2020, moto uliua wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi Byamungu, Kyerwa. Katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Kyanguli, Kenya, mwaka 2001, walikufa wanafunzi 67: mlango mmoja ulifungwa kwa kufuli, madirisha yalikuwa na nondo. Basi unapompeleka mwanao bweni, hesabu milango ya kutokea. Uliza nani hushika funguo usiku, na Zimamoto walikagua lini mara ya mwisho.