Nyumba ya Bati Isiwe Tanuri



Ingia ndani ya nyumba yako saa nane mchana. Keti. Tazama juu. Je, unaona nini? Kama nyumba yako imeezekwa kwa bati na haina dari, utaliona bati lenyewe. Inua mkono wako, kiganja kielekee juu. Utasikia joto linashuka, kama vile uko karibu na moto.

Sasa nenda jikoni. Tazama juu tena. Boriti zimekuwa nyeusi. Weusi ule ni masizi. Moshi uliopaka boriti hizo masizi umepita pia puani mwa mama anayepika, na puani mwa mtoto aliye mgongoni mwake.

Leo tuzungumze juu ya mambo hayo mawili, joto na moshi. Mimi ni bwana shamba. Labda utasema, bwana shamba ana kazi gani na nyumba zetu? Kazi yake ni mbegu na mbolea. Ni kweli. Lakini mkulima aliyekosa usingizi usiku kucha kwa ajili ya joto hawezi kulima vizuri asubuhi. Tena mimi mwenyewe nilijenga nyumba mbaya. Nitakueleza.

Nilikulia Dodoma. Bibi yangu alikaa katika tembe. Kama hujapata kuona tembe, hii ni nyumba ya zamani ya Wagogo. Kuta zake ni za miti na udongo. Paa lake ni tambarare. Juu ya boriti huwekwa fito na majani, kisha udongo mzito. Jua la mwezi wa Oktoba likiwaka, udongo ule hupokea joto polepole. Kabla joto halijapenya mpaka ndani, jua limekwisha kuchwa. Kwa hiyo mchana ndani ya tembe mna ubaridi.

Lakini tembe lina mabaya yake. Ndani ni giza. Moshi hauna njia ya kutoka. Katika nyufa za sakafu ya udongo hujificha papasi, na papasi huleta homa. Mvua ikiwa kubwa, paa huvuja. Kwa hiyo sisemi turudi kwenye tembe. Hata bibi yangu hakutaka.

Mwaka 2012 nilijenga nyumba yangu ya matofali ya kuchoma. Niliezeka kwa bati. Niliogopa wezi, nikaweka madirisha mawili madogo tu. Niliogopa nyoka na mbu, nikaziba upenu wote kwa matofali na udongo. Dirisha moja nililipangia magunia ya mahindi, likawa halifunguki. Jiko tuliliweka katika chumba cha nyuma, humo humo ndani. Niliona fahari sana.

Bibi alikuja kutuamkua. Ilipofika mchana alichukua kigoda chake akatoka nje, akaketi chini ya mti.

"Bibi, mbona huketi ndani?" nilimwuliza.

"Mjukuu wangu," alisema, "nyumba yako ni nzuri kuitazama. Lakini humo ndani mnapika ugali, na mimi mnanipika pamoja nao."

Tulicheka. Sikufanya lolote.

Mwaka uliofuata mtoto wetu wa pili alishikwa na kikohozi. Alikuwa na miezi minane. Kikohozi kikageuka kuwa nimonia, yaani homa ya mapafu. Alikuwa akihema haraka haraka, na mbavu zake zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Tulimpeleka hospitali, akalazwa siku sita. Daktari aliniuliza, "Mnapikia wapi?" Nikajibu, "Ndani." Akauliza tena, "Mama akipika, mtoto huwa wapi?" Nikajibu, "Mgongoni." Hakusema zaidi. Aliandika dawa. Mimi niliona aibu, maana kila siku nawafundisha watu kujenga banda la kuku lenye kupitisha hewa.

Mtoto alipona. Leo yuko shule. Lakini si kila mtoto hupona. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani. Kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto. Kwa watu wazima huleta ugonjwa wa mapafu, wa moyo na hata kansa. Mama ndiye huuvuta zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na mafiga.

Sasa tuone kwa nini nyumba ya bati huwa na joto. Bati ni jembamba. Jua likilipiga, hupata moto upesi na kuutupa chini kwenye vichwa vyenu. Tena, hewa ikipata joto huwa nyepesi, hupanda juu. Isipopata mahali pa kutokea hukaa chini ya bati na kuzidi kupata joto. Moshi nao hufanya vivyo hivyo. Hupanda, hukosa njia, kisha hushuka mpaka kwenye macho yenu. Nyumba ya nyasi haikuwa hivyo, kwa sababu nyasi ni nene na hewa hupenya katikati yake. Tulipoweka bati tuliondoa nyasi, na pamoja na nyasi tuliondoa njia ya hewa. Njia hiyo lazima tuirudishe kwa mikono yetu.

Jambo la kwanza ni matundu ya juu. Yatoboe karibu kabisa na paa, pande mbili za nyumba zinazotazamana. Hewa ya moto itatoka huko, na hewa safi itaingia kwa dirisha na mlango. Mimi nilitoa matofali manne upande mmoja na matofali manne upande wa pili. Nilifanya kazi hiyo asubuhi moja. Usitoboe chini ya boriti inayobeba paa, wala usitoe matofali mawili yaliyo jirani bila kuweka kipande cha mti imara juu ya tundu. Ukuta utakuangukia. Kama nyumba yako ni ya udongo na miti, mwite fundi.

Wezi je? Tundu la tofali moja halipitishi mtu. Dirisha unaweza kulitia nondo, au fito ngumu kama huna fedha. Na magunia ya mahindi yaondoe dirishani.

Habari ya mbu inataka tuizungumze vizuri, kwa sababu watu wengi huziba upenu kwa ajili yao. Nao wana sababu. Mbu wa malaria hupenda kuingia kwa nafasi iliyo kati ya ukuta na paa. Lakini ukiziba kila mahali, ndani huwa joto. Ndani pakiwa na joto, watu hutupa chandarua pembeni, au hulala nje. Basi mbu huwapata huko huko. Dawa yake ni wavu. Kila tundu na kila dirisha litiwe wavu mdogo wa mbu, uliokazwa vizuri kwa misumari na vipande vya mbao. Wavu huzuia mbu na kuacha hewa ipite. Ukichanika, ushone siku hiyo hiyo. Na chandarua usikiache.

Kijiji cha Magoda kiko wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Hapo wataalamu walijenga nyumba 6 za majaribio. Kuta zake zilikuwa za vitu vyepesi vinavyopitisha hewa, kama mianzi, mbao na nyavu. Nyumba nne kati ya hizo zilikuwa za ghorofa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Usiku nyumba hizo zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba nyingine za kijiji, kwa digrii 2 na zaidi kidogo. Mbu nao walipungua sana, hasa katika zile za ghorofa. Mimi sikuambii ujenge ghorofa. Nakuambia kwamba nyumba inayopitisha hewa na kuzuia mbu kwa wavu imekwisha kujaribiwa hapa hapa Tanzania, katika kijiji cha wakulima.

Jambo la pili ni dari. Dari hukinga joto linaloshuka kutoka kwenye bati. Si lazima iwe ya mbao za kununua. Mikeka, majamvi, matete au mianzi iliyosukwa hufaa. Ifunge kwenye boriti, na acha nafasi kati ya dari na bati. Nafasi hiyo nayo iwe na matundu kila upande, ili joto litoke. Lakini dari ya mikeka usiiweke jikoni. Moto utaishika.

Rangi ya bati pia ina maana. Bati jeupe hupata joto kidogo kuliko bati jeusi au bati lenye kutu. Watu siku hizi hupenda bati la rangi iliyokoza. Linapendeza kweli, lakini wewe hukai juu ya paa.

Kisha panda mti. Hapa sasa niko katika kazi yangu. Jua la jioni ndilo kali, kwa hiyo anza upande wa magharibi. Mwarobaini hustahimili ukame na kivuli chake ni kizuri. Uwe mbali na ukuta, hatua sita au saba, ili mizizi na matawi yasiharibu nyumba. Uzungushie miiba, maana mbuzi hawasomi gazeti. Miaka michache tu kivuli kitafika ukutani.

Kama uko mahali pakavu kama Dodoma, fungua madirisha jioni na usiku, nyumba ipoe. Mchana, jua likiwa kali na hewa ya nje ikiwa ya moto kuliko ya ndani, funga madirisha yanayopigwa na jua. Matundu ya juu yabaki wazi. Pwani ni tofauti. Huko joto lina unyevu, na upepo ndio unaopoza mwili. Acha madirisha wazi mchana kutwa. Wazee wa pwani walijua, ndiyo maana walijenga ukumbi katikati ya nyumba, kutoka mlango wa mbele mpaka uani, upepo upite.

Sasa jiko. Kama unaweza, lijenge nje, mbali na chumba cha kulala. Banda la kawaida latosha, kuta zake zisifike kwenye paa. Jiko la udongo lenye dohani ni zuri kuliko mafiga matatu, ila dohani lazima itoke nje kupita paa. Nimeona dohani iliyoishia chini ya bati. Hiyo inahamisha moshi tu kutoka pembe moja kwenda pembe nyingine.

Kuni mbichi zina moshi mwingi. Zipasue, zianike, zikae kavuni miezi kadhaa. Loweka maharage tangu jioni, yataiva upesi. Funika sufuria. Na mtoto mdogo asiwe mgongoni wakati moto unawashwa. Baba, nakutazama wewe. Mshike mtoto.

Mwezi Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo ni kwamba kufika mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi kama gesi na umeme. Ni jambo jema, na kama gesi inafika kwenu, hata ya kupikia chai tu, inunue. Lakini najua vijiji ambako mtungi ukiisha, mtu hupanda basi kwenda kuujaza. Huko moshi hautangoji mwaka 2034. Toboa matundu sasa.

Nimebakiza jambo moja, na hili nakuomba ulisome mara mbili. Usilale na jiko la mkaa ndani ya chumba. Nilipata kufanya kazi Njombe, ambako mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Watu huingiza jiko chumbani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Mkaa ukiwa mwekundu hauna moshi, kwa hiyo huonekana hauna madhara. Si kweli. Hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Mtu husikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hasikii kitu. Wengine hawaamki. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa upesi, kisha mpeleke hospitali. Usikae humo ndani kumwita jina.

Joto la usiku wa baridi lipate kwa blanketi. Jiko liache nje.

Kama unajenga mwaka huu, usingoje fundi amalize. Nenda siku anapofikisha ukuta juu, kabla hajaziba upenu. Mwonyeshe kwa kidole pale unapotaka matundu, na umpe wavu mkononi. Atakuambia wenzako hawafanyi hivyo. Mwambie atoboe tu. Ukingoja mpaka aondoke utatoboa mwenyewe, umepanda juu ya meza, vumbi la matofali likikuingia machoni, kama mimi.