Anayegonga Mawe Milimani: Kweli au Si Kweli?

Mtu akichuchumaa mbele ya mwamba kando ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto, nyundo kiunoni na dira mkononi, hakawii kuzungukwa na watoto, na wakubwa nao huanza kumjadili kwa mbali. Wengine watasema ni mpima barabara, wengine mnunuzi wa madini. Ni nadra kumsikia anayesema kwamba huyu yuko kwenye masomo ya uzamivu na anataka kujua milima hii ilitokeaje. Kazi yake inaitwa jiolojia ya miundo, na yanayosemwa juu yake ni mengi.

"Anatafuta dhahabu, au rupia za Mjerumani."

Si kweli, ingawa chanzo cha uvumi kinaeleweka. Hadithi za hazina iliyofukiwa na Wajerumani bado zinaishi Tanzania, na mgeni mwenye ramani na dira anaingia ndani yake bila kujua. Kabla hajagonga jiwe hata moja anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), barua ya mkoa, ya wilaya na ya kata, mpaka afike mbele ya mtendaji wa kijiji. Huko hukutana na swali moja: mkishapata, sisi tunapata nini? Ni swali la haki. Watafiti waliochukua mawe yao wakaondoka wasirudi kueleza lolote wamechangia kuukuza uvumi huo.

Anachotafuta ni mpangilio wa matukio: mwamba huu ulikunjwa lini, ukakatika lini, uliteleza kuelekea wapi, na kipi kilitangulia. Madini huingia kwa mlango wa nyuma. Dhahabu nyingi ya Kanda ya Ziwa imekaa kwenye maeneo ambako miamba ya kale ilisagana na kuteleza. Tanzanaiti ya Mirerani, iliyojulikana mwaka 1967, iko kwenye tabaka zilizokunjwa kisha zikavutwa mpaka zikakatikakatika vipande. Mchimbaji anayefuata mkanda unaonenepa hapa na kupotea pale anafuata muundo wa mwamba, hata kama hajawahi kuingia darasa la jiolojia.

"Milima mirefu yote ilitokana na volkano."

Si kweli. Tumezoea kuutazama Kilimanjaro (mita 5,895), Mlima Kenya (5,199) na Meru (4,566), yote kazi ya volkano, tukadhani mingine imefuata njia hiyo hiyo. Rwenzori, wa tatu kwa urefu Afrika wenye mita 5,109, ni pande la miamba ya kale lililosukumwa juu katikati ya nyufa za tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Haukujengwa na lava.

Usambara, Pare na Uluguru zina mkasa wa kuvutia zaidi, maana huko umri wa mwamba na umri wa mlima ni vitu viwili tofauti kabisa. Miamba yake ilipikwa yapata miaka milioni 640 iliyopita, wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuinua safu kubwa ya milima iliyotoka pande za Arabuni hadi Msumbiji. Safu ile ililika ikaisha. Mizizi yake ndiyo tunayoikanyaga leo. Tazama kwa makini mwamba uliokatwa na barabara ya Lushoto: mistari myeusi na myeupe, na katikati yake chembe nyekundu za ganeti. Kemia ya chembe hizo na ya madini jirani inaonyesha joto la nyuzi 800 hivi, na kina cha zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi. Mlima wenyewe, yaani ule ukuta unaoupanda kwa kona nyingi kutoka Mombo, uliinuliwa na nyufa baadaye sana, miamba ikiwa tayari mizee.

Aliyeupa ukanda huu wa miamba jina la Msumbiji katika maandiko ya mwaka 1951 ni Mwingereza Arthur Holmes. Yeye alifika Msumbiji mara ya kwanza mwaka 1911, akiwa ameajiriwa kutafuta madini, akaambulia malaria. Kwa hiyo wanakijiji wa wakati ule wangekuwa na haki ya kumshuku.

"Mwamba haupindi. Ukibanwa, unavunjika."

Kweli ukiwa baridi na ukabanwa haraka. Chini ardhini, penye joto na muda wa mamilioni ya miaka, mwamba mgumu unatiririka bila kuyeyuka. Kwatzi huanza kulegea kwenye nyuzi 300 hivi. Feldispa hung'ang'ana mpaka 450 au zaidi. Ndiyo maana ndani ya jiwe moja unaweza kukuta kwatzi imenyooshwa kama utepe, na feldispa iliyo pembeni yake imepasuka. Mwanafunzi hukata kipande, akakisaga mpaka unene wa milimita 0.03 ili mwanga upenye, akakitazama kwa hadubini. Tofauti hiyo ya tabia inamwambia joto lilikuwa kiasi gani mwamba ulipokuwa ukiteleza.

"Tabaka la juu daima ni changa kuliko la chini."

Kwa kawaida ni kweli, ila milimani sheria hii imewahi kuwatesa watu wazima. Katika jimbo la Glarus, Uswisi, miamba ya miaka milioni 250 hadi 300 imelala juu ya miamba ya miaka milioni 35 hadi 50. Mpaka kati yake unaonekana waziwazi ukiwa mbali, mstari ulionyooka unaokata vilele. Arnold Escher aliuona katika karne ya 19 na alitambua unamaanisha nini: pande zima la nchi limeburutwa juu ya jingine kwa makumi ya kilomita. Inasimuliwa kwamba aliogopa kuchapisha hayo, akihofia kuonekana mwendawazimu. Badala yake akachora mikunjo miwili mikubwa inayotazamana, maelezo yaliyohitaji ustadi mwingi ili kuukwepa ukweli. Mwanafunzi wake, Albert Heim, akayashikilia kwa moyo wote.

Mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand alisoma michoro ya Heim akasema hapana, ni mtelezo mmoja tu. Bertrand hakuwa amefika Glarus. Heim, aliyeijua milima ile jiwe kwa jiwe, alichukua karibu miaka 20 kukubali. Mwaka 2008 UNESCO iliweka eneo hilo katika urithi wa dunia.

"Siku hizi setilaiti na droni zinatosha."

Wenye kusema hivi wangemfurahia Bertrand. Lakini michoro aliyoisoma ilitokana na miaka ya watu wengine kutembea kwa miguu. Picha ya setilaiti inaonyesha vizuri ufa mrefu unaokata nchi kame. Usambara inaonyesha miti, kabichi na udongo mwekundu. Na hata mwamba ukiwa wazi, picha haikuambii upande upi uliteleza kwenda wapi. Hilo husomwa kwenye mikwaruzo na chembe zilizozungushwa, pua ikiwa karibu kugusa jiwe, lenzi jichoni.

Mtafiti hupima mwelekeo wa tabaka, mwinamo wake, na upande ambako mistari ya kuvutwa kwa mwamba inaelekea. Mamia ya vipimo, sehemu baada ya sehemu, ndipo sura ya mkunjo usioonekana kwa macho inajitokeza kwenye karatasi. Akitaka sampuli, kwanza huchora mshale na kuandika vipimo juu ya mwamba kwa kalamu ya wino mzito, kisha ndipo anagonga. Akigonga kabla, hatajua tena jiwe lilikuwa limekaaje, na hadubini haitaweza kumwambia mwelekeo wowote. Simu yenye programu ya dira husaidia kwa kasi, ila wenye busara huilinganisha na dira halisi kila asubuhi.

"Miaka yote ni kupanda milima."

Laiti ingekuwa hivyo! Uwandani ni wiki kadhaa za kiangazi. Kinachobaki ni kukata mawe, kuyasaga, kuchambua chembe za zirikoni zisizozidi ukubwa wa punje ya chumvi, na kukaa mbele ya kompyuta. Zirikoni hutunza urani, na nusu ya urani-238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47, kwa hiyo uwiano wa viwili hivyo hutoa umri. Mashine za kupima uwiano huo ni ghali, na sampuli nyingi za Afrika Mashariki hupimwa ng'ambo. Mwenye mlima nyuma ya nyumba yao anasubiri foleni ya mashine iliyo bara jingine. Sioni sababu ya kulizoea jambo hilo.

"Ni kazi ya wanaume."

Haijawahi kuwa. Maria Ogilvie, Mskoti, alianza kutafiti milima ya Dolomiti mwaka 1891 kwa ushauri wa Ferdinand von Richthofen, ingawa chuo kikuu cha Berlin hakikukubali kumsajili mwanamke. Mwaka 1893 akawa mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa sayansi katika jiolojia wa Chuo Kikuu cha London; mwaka 1900 akapata uzamivu Munich. Aliendelea kurudi kwenye miamba ile akiwa ameolewa na ana watoto, akipima jinsi tabaka zilivyosokotwa. Kitabu chake kikubwa kilikuwa kikiandaliwa Munich vita vilipozuka mwaka 1914, na kazi iliyoachwa huko ikapotea. Alipoweza kurudi, alianza upya. Kilichapishwa mwaka 1927.