Wainuit, Wayupik, Wasami: Majina ya Watu wa Aktiki

Jina Eskimo lilienezwa na wageni. Kwa karne kadhaa walilitumia kwa watu wa pwani za Aktiki, kuanzia mashariki ya mbali ya Urusi hadi Greenland, bila kujali tofauti zao. Wengi waliamini kuwa maana yake ni "walaji wa nyama mbichi". Baadhi ya wanaisimu hulihusisha na neno la Wainnu, majirani wa kusini, linalohusu kusuka viatu vya kutembelea juu ya theluji. Maana hiyo haina tusi, lakini jina lenyewe limebeba dharau ya enzi za ukoloni.

Wengi wao hujiita Inuit, yaani "watu"; mmoja wao ni Inuk. Neno hilo liko katika wingi hata kabla Kiswahili hakijaliongezea wa- na kupata Wainuit. Katiba ya Kanada ya 1982 inawatambua kwa jina hilo, na mwaka 2016 sheria ya Marekani iliondoa neno Eskimo katika baadhi ya sheria za shirikisho.

Hata hivyo, kuweka Inuit kila palipoandikwa Eskimo huzaa kosa jipya. Wayupik wa Alaska na wa Chukotka, Urusi, wana undugu wa lugha na Wainuit, lakini ni watu wengine. Jina lao lina maana ya "mtu wa kweli".

Lugha nazo zina majina yake. Inuktitut huzungumzwa mashariki mwa Aktiki ya Kanada, Iñupiaq kaskazini mwa Alaska, na Kalaallisut huko Greenland, ambako ndiyo lugha rasmi tangu 2009. Kuziita zote "Kieskimo" ni kuzifuta.

Kaskazini mwa Ulaya, walioitwa Walapp ni Wasami, na Kisami si lugha moja: wasemaji wa Kisami cha Kaskazini na cha Kusini hawaelewani kwa urahisi. Nchini Urusi, Wanenets waliitwa Wasamoyed, jina linalosikika kwa Kirusi kama "wanaojila wenyewe". Nenets ni "mtu".

Jina sahihi, basi, ni lile ambalo watu husika wamelichagua, likitajwa pamoja na mahali na lugha yao. Wako wazee wa Alaska ambao bado hujiita Eskimo. Hiyo ni haki yao, wala si ruhusa kwa mgeni.