Wanafunzi wa Chuo Katika Mkutano wa Mataifa

Chukueni madaftari yenu, tuanze.

Leo tutajifunza juu ya vijana wa vyuo wanaohudhuria mikutano ya mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi. Tabianchi ni nini? Ni desturi ya joto, mvua na upepo wa nchi kwa miaka mingi. Mvua ya leo peke yake si tabianchi. Desturi hiyo inabadilika kwa sababu ya moshi na hewa zitokazo katika makaa ya mawe na mafuta yanayochomwa duniani. Mataifa yalifanya mkutano wao mkuu wa kwanza juu ya jambo hili Berlin, mwaka 1995, na tangu hapo hukutana karibu kila mwaka.

Je, mwanafunzi huingiaje? Wenye kukata shauri ni wajumbe wa serikali. Mwanafunzi kwa kawaida huingia kama mtazamaji tu, kwa jina la chuo au chama kilichoandikishwa. Huvaa kitambulisho, huketi, husikiliza. Vyumba vingine hufungiwa nje. Vijana wote pamoja hupewa dakika chache za kusema.

Tutazame mkutano wa Durban, Afrika ya Kusini, mwaka 2011. Serikali zilikuwa zinaelekea kukubaliana kwamba mapatano mapya yaanze kutumika mwaka 2020. Tarehe 8 Desemba, Abigail Borah, mwanafunzi wa Middlebury College ya Marekani, alisimama wakati mjumbe wa Marekani alipokuwa karibu kuhutubia. Alisema kwamba kungoja mpaka 2020 ni kuchelewa mno. Watu walimpigia makofi, naye akatolewa nje.

Kesho yake Anjali Appadurai, wa College of the Atlantic, alisema kwa zamu ya vijana. Aliwaambia wajumbe kwamba wamekuwa wakijadiliana maisha yake yote. Akasema vijana wamepewa kiti ukumbini, lakini haja zao hazimo mezani. Mwenyekiti mwenyewe alishangaa kwa nini nusu ya watu wa dunia waachwe waseme mwisho, wasitangulie.

Je, uamuzi ulibadilika? Haukubadilika. Mwaka 2020 ulibaki pale pale. Basi kupewa kiti si kupewa kauli.

Lakini iko njia nyingine. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa University of the South Pacific, katika visiwa vya Vanuatu, ambavyo bahari inavitishia, waliandika barua kwa wakuu wa nchi za visiwa. Walitaka Mahakama ya Kimataifa ya Haki iulizwe: mataifa yana wajibu gani? Serikali ya Vanuatu ililishika jambo hilo. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikubali kuuliza. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ilijibu kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi. Jibu hilo ni ushauri, si hukumu, lakini lina uzito mkubwa.

Angalieni, ndugu zangu: kazi hiyo ya miaka sita ilianza kwa barua. Nanyi mnajifunza kuandika.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtazamaji na mjumbe wana tofauti gani?
2. Kwa nini vijana walikataa kungoja mpaka 2020?
3. Kijijini kwenu kuna jambo gani linalofaa kuandikiwa barua? Iandikeni pamoja.