WANAKIMBIA JUU YA MASHIMO YA ZAMANI

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Colorado, kuko mji mdogo unaoitwa Silverton. Jina hilo linatoka kwa feza, si feza ya mfukoni, bali madini ile nyeupe, maana ni feza na zahabu zilizoleta watu kule. Mji unakaa bondeni, lakini bonde lenyewe liko juu, 2.840 m kutoka usawa wa bahari. (Kolwezi yetu iko chini sana kuliko hapo.) Pande zote ni milima mikali, na ndani ya milima ni mashimo, mengine yalichimbwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita na watu wenye nyundo, lampi na punda.

Mwaka 1991 mgodi mkubwa wa mwisho wa pale, Sunnyside, ulifungwa. Wasomaji wetu hawahitaji maelezo mengi juu ya jambo kama hilo. Mgodi wa Kipushi ulinyamaza mwaka 1993 ukarudi kutoa madini mwaka 2024 tu; mtoto aliyezaliwa siku zile alifika miaka 31, pengine ana watoto wake, mbele ya kuona kazi ya baba yake inaanza tena. Tunajua vile nyumba inakaa wakati mushahara unakatika. Tunajua wababa wanaoketi mbele ya mlango na kutazama barabara.

Kule Silverton, mwaka uliofuata, yaani 1992, watu fulani wakaanzisha mbio za miguu. Wakaziita Hardrock, maana yake "jiwe gumu". Ni vile wanavyoita kazi ya kuchimba madini ndani ya mwamba, na watu wa kazi hiyo. Hawakuchagua jina kwa kupamba. Njia nyingi ambazo wakimbiaji wanapita ni zile zile wachimbaji walizikata, njia za punda na za kubeba mawe, na mpaka leo unapita karibu na nyumba za mbao zilizoanguka, kamba za chuma na masini yenye kutu.

Si mbio za uwanja wa mpira, wapendwa. Urefu wake ni karibu 165 km, kama kutoka Lubumbashi kupita Likasi na kuendelea bado mbali. Lakini urefu njo jambo dogo. Mkimbiaji anapanda milima mpaka jumla ya kupanda inapita 10.000 m, na kushuka ni vilevile, sababu mwisho ni pale pale Silverton alipoanzia. Mahali pa juu kabisa, mlima Handies, panapita 4.280 m. Anapewa masaa 48 tu. Anayeshinda hapewi franga.

Watu wengi wanaomba kuingia, lakini wanaokubaliwa hawafiki hata 150, na majina yanachaguliwa kwa kura. Mwaka mmoja wanazunguka upande wa kuume, mwaka unaofuata upande wa kushoto. Na kuko miaka ambayo hakuna mtu anayekimbia: 1995 na 2019 theluji ilikuwa nyingi, 2002 moto uliwaka misituni, 2020 ilikuwa ugonjwa wa korona. Mlima hauangalii kama umenunua viatu vipya.

Sasa, maziwa. Zamani sana barafu nene ilifunika milima ile. Barafu ya namna ile hailali kimya. Inateleza kidogo kidogo kwa uzito wake, inabeba mawe, na mawe yale yanasugua mwamba kama vile mama anavyosugua sufuria kwa muchanga. Ikachimba mabakuli makubwa juu kabisa, chini ya vilele. Kisha, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, ikayeyuka, maji yakabaki ndani ya mabakuli. Sisi pia tunayo maziwa ya namna hii: upande wa Kongo wa milima ya Ruwenzori kuko Lac Noir na Lac Vert, na kule juu, karibu na kilele cha Margherita cha 5.109 m, barafu kidogo ingali inakaa, ijapokuwa kila mwaka inapunguka.

Juu ya Silverton kuko ziwa lenye kisiwa katikati, maji yake buluu sana, na hakuna mti hata mmoja pembeni, sababu ni juu mno, miti haiwezi kuota. Wakimbiaji wanapita hapo, halafu wanafika kwenye kipito kinachoitwa Grant-Swamp, karibu 3.900 m, mahali pa mawe yanayoteleza chini ya miguu. Hapo kuko rundo la mawe. Ni la ukumbusho wa Joel Zucker, aliyemaliza mbio hizi mara tatu akafa mwaka 1998, muda mfupi baada ya kumaliza, kwa damu iliyopasuka kichwani. Kila mkimbiaji anayepita anaweka jiwe moja, anaendelea.

Ziwa lingine la milima ile liliitwa Emma. Naandika "liliitwa", maana halipo tena vile lilivyokuwa. Wachimbaji wa Sunnyside walikuwa wanafuata mshipa wa zahabu chini yake, wakaufuata mpaka dari ya mwamba ikabaki nyembamba. Tarehe 4 Juni 1978 dari ikapasuka. Ziwa lote likaingia mgodini, likasukuma mbao, matope na masini, likatoka kwa nguvu kwenye mdomo wa shimo kule chini.

Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Ilikuwa siku ya Mungu jioni, na mgodini hamkuwa na wafanyakazi. Kama lingekuwa siku nyingine ya juma, zamu nzima ingekuwa chini, na maji hayaulizi jina.

Wakatoliki wa Silverton walikuwa wamesimamisha mlimani, mwaka 1959, sanamu kubwa ya Kristo wa Migodi, wakati kazi ilikuwa inakufa, na wengi wakasema ni yeye aliyewalinda. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya sanamu, sitabishana hapa. Mimi natazama paka kalenda. Wakubwa wa kazi wanaosoma ukurasa huu, na wanaopanga zamu hata siku ya Mungu asubuhi, watazame nao.

Hadisi ya maji haikuishia pale. Tarehe 5 Agosti 2015, kwenye mgodi mwingine wa zamani, Gold King, watu waliokuja kutengeneza waligusa mahali pabaya, na karibu litri milioni 11 za maji machafu zikatoka. Mto Animas ukawa rangi ya machungwa. Mgodi kufungwa si kusema umemaliza kudai. Mito ya kwetu inajua rangi hizo.

Lakini turudi kwa wakimbiaji. Kule juu hewa ni nyepesi, pumzi moja haishibishi. Kichwa kinauma, tumbo linakataa chakula, wengine wanatapika. Kupanda hawakimbii, wanatembea polepole wakishika fimbo, na aliye na akili anaogopa radi kuliko kuogopa kuchelewa. Usiku wanafunga lampi kwenye paji la uso, na kwa mbali mstari wa taa unaopanda mlima unafanana kabisa na zamu ya usiku inayokwenda kazini. Mahali pamoja, kwenye kipito chembamba cha karibu 4.000 m, wasaidizi wanapandisha kila kitu kwa mgongo, maji, chakula na majiko, ili mpita njia apate supu ya moto.

Mwaka 2017 Kilian Jornet, kijana wa Hispania, alianguka mapema njiani na bega likatoka. Akalirudisha, akafunga mkono kifuani, akaendelea usiku wote na akashinda. Vijana, simsifu kwa hilo mia kwa mia; mwenye bega lililotoka aende hospitali. Ninayempenda zaidi ni Mfaransa Ludovic Pommeret, aliyeshinda mwaka 2024 kwa masaa 21 na dakika 33, akiwa na miaka 48. Wababa mnaosema mmezeeka, mmesikia. Na wanawake hawako nyuma: mwaka 2025 Katie Schide alimaliza kwa masaa 25 na dakika 50, haraka kuliko mwanamke yeyote mbele yake.

Mwishoni hakuna kamba ya kukata kwa kifua. Pale Silverton kunawekwa jiwe kubwa lililochorwa kichwa cha kondoo dume wa mlimani. Mkimbiaji anafika, anainama, anabusu jiwe. Asipobusu, hajamaliza.

Mbio zinaanza siku ya tano saa kumi na mbili asubuhi. Ukihesabu masaa 48, yanaisha siku ya Mungu kunapokucha. Wale wa kwanza wamekwisha kulala na kuamka. Lakini wakati ule watu wanasimama tena karibu na jiwe, wamejifunika mablanketi, wanaangalia barabara kama kuko lampi moja bado inayokuja.