Minyoo, Kupe na Kalenda ya Kwenye Pakiti

Jumamosi moja asubuhi mama mmoja aliingia kliniki kwangu na mbwa wawili walioshuka gari moja, lakini maisha yao ni mbingu na ardhi. Simba, dume wa kilo 24, ni mlinzi wa nyumba Mbezi: hufunguliwa saa mbili usiku, huzunguka uani hadi alfajiri, na geti likisahauliwa wazi hupotea nusu saa. Lulu, kilo 4, anaishi na binti wa mama huyo ghorofa ya tano, Upanga. Hulala kwenye kochi na kushushwa chini kwa kamba mara mbili kwa siku. Mezani mama akaweka pakiti mbili za vidonge vya minyoo vya aina moja, na kichupa cha matone ya kupe kutoka duka la dawa za mifugo. "Dokta," akasema, "hivi kila mwezi ni lazima kweli? Hawa sasa wanakula dawa kuliko ugali."

Kabla ya kujibu kuna jambo moja ambalo pakiti hazilisemi waziwazi: kidonge cha kawaida cha minyoo hakikingi. Kinaua minyoo iliyomo tumboni siku hiyo, kisha kinatoka mwilini. Simba akilamba udongo wenye mayai keshokutwa, anaanza upya kana kwamba hakumeza kitu. Kwa hiyo anayeuliza "mara ngapi" anauliza mambo mawili kwa mpigo: mbwa huyu huokota minyoo upesi kiasi gani, na minyoo hiyo huchukua muda gani kukomaa na kuanza kutaga. Safura wa mbwa huchukua wiki mbili hadi tatu. Minyoo ya mviringo ya Toxocara, wiki nne hadi tano. Tegu mdogo aitwaye Echinococcus, wiki sita hivi. Ukimpa mbwa dawa kila miezi mitatu, hapo katikati zipo wiki kadhaa ambazo anaweza kuwa anamwaga mayai uani bila wewe kujua.

Na hiyo "kila mwezi" ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka Marekani, ambako mbu hueneza minyoo ya moyo. Kidonge cha kila mwezi kule huua viluwiluwi vilivyoingia mwilini mwezi uliotangulia, kabla havijafika moyoni. Ni hesabu nzuri kabisa, ila ilipigwa kwa ajili ya mbu na mbwa wa huko. Wataalamu wa vimelea wa Ulaya, kupitia baraza lao la ESCCAP, wamekwenda njia nyingine: mara moja au mbili kwa mwaka hazisaidii cha maana, mara 4 ni kianzio pale hatari isipojulikana, na kila mwezi ni kwa mbwa aliye kwenye hatari kubwa. Pwani yetu nayo ina minyoo yake inayobebwa na mbu. Mmoja umepewa jina la kisiwa cha Pate, Lamu: Brugia patei, ulioelezwa mwaka 1958 kutoka kwa wanyama wa huko, mbwa na paka wakiwemo. Ndiyo maana mbwa wa pwani huwa namtoa tone la damu nikaliangalia kwa hadubini kabla sijafikiria dawa ya aina hiyo.

Kwa minyoo ya tumbo kuna kipimo cha bei ndogo ambacho watu hukiruka. Nilimwomba mama alete kinyesi kibichi cha kila mbwa, kiasi cha punje mbili za maharage. Unakivuruga kwenye maji ya chumvi yaliyokolea mpaka chumvi haiyeyuki tena, unachuja kwa chujio la chai, unajaza kichupa chembamba hadi ukingoni na kukifunika kwa kipande cha kioo. Baada ya robo saa mayai yamepanda juu na kunata kwenye kioo. Ya Simba yalikuwa ya safura, mengi: ganda jembamba, na ndani chembe zilizobanana kama kichala cha zabibu. Kwa Lulu sikuona kitu.

Kioo kitupu hakimpi Lulu cheti cha maisha, kwa sababu mayai ya tegu mara nyingi hayaelei. Kwa tegu nategemea macho ya mwenye mbwa: vipande vyeupe kama punje za mchele, vinavyocheza karibu na mkia. Tegu wa namna hiyo huingia mbwa anapojitafuna na kumeza kiroboto. Ukimpa kidonge cha tegu ukaviacha viroboto, unatwanga maji kwenye kinu.

Kwa watoto wa mbwa sibishani na mtu. Mama huwapa Toxocara wakiwa bado tumboni na safura kupitia maziwa, basi dawa inaanza wiki ya pili ya maisha, kila wiki mbili hadi wiki ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Safura wanaweza kumnyonya damu mtoto wa mbwa mpaka akafa kabla hujamaliza kumtafutia jina.

Nikauliza Simba anakula nini. Ugali, dagaa, na mapupu anayoleta kijana wa geti. Mabichi? Mabichi. Hapo nikakaa kitini. Turkana, kaskazini ya Kenya, ilipata sifa mbaya duniani kwa wingi wa watu wenye vifuko vya maji kwenye maini na mapafu, na AMREF ilianzisha mpango wa kuvidhibiti huko mwaka 1983. Chanzo ni yule tegu mdogo: mbwa hula maini au mapafu mabichi yenye vifuko, tegu hukomaa tumboni mwake, naye hutoa mayai ambayo mtu huyameza kutoka mkononi, kwenye maji au kwenye manyoya aliyoyapapasa. Mbwa anayekula nyama ya namna hiyo anahitaji prazikwanteli kila wiki sita. Au mapupu yachemshwe nusu saa. Mkaa wa nusu saa ni nafuu kuliko kidonge, na kijana wa geti alielewa upesi kuliko wasomi wengi niliowahi kuwaeleza.

Wajukuu nao huchezea mchanga wa ua uleule. Mayai ya Toxocara yakitoka si hatari papo hapo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi udongoni ndipo yaweze kuambukiza. Anayezoa kinyesi kila siku amewahi. Safura hawana subira hiyo: viluwiluwi vyao huwa tayari ndani ya siku chache kwenye mchanga wenye unyevu, na hutoboa ngozi ya anayeukalia. Ule mstari mwekundu unaowasha na kujikunja mguuni mwa mtoto aliyetoka ufukweni mara nyingi ni kazi yao.

Nikageuza sikio la Simba. Kupe kumi na mmoja, wa kahawia, wamejipanga kwenye mikunjo kama kunde ndani ya ganda. Fizi bado zilikuwa nyekundu, tukashukuru. Hapa ndipo wenye mbwa wengi huweka fedha kichwa chini miguu juu: wanahesabu vidonge vya minyoo kwa tarehe, kupe wanawang'oa kwa vidole wakikumbuka. Pwani hakuna baridi ya kuwapumzisha kupe. Wapo mwaka mzima. Jike akishiba damu hujiangusha, hupanda ukutani, huingia kwenye ufa na kutaga mayai hadi 4,000. Wale kumi na mmoja ni wageni waliofika sebuleni tu, ukoo mzima umo bandani. Huyu ni miongoni mwa kupe wachache wanaoweza kumaliza maisha yote ndani ya nyumba ya mtu, kwa hiyo ghorofa ya tano si ngome. Lulu huletwa Mbezi kila Jumapili.

Kupe huyo huleta erlikia na babesia: homa, fizi kupauka, damu puani, wakati mwingine mkojo wa rangi ya kahawa. Erlikia peke yake inaweza kudai doksisaiklini ya wiki nne. Vidonge vipya vya kupe, jamii ya afoksolana na fluralana, vinafanya kazi vizuri. Baadhi hudumu mwezi, vingine hadi wiki 12. Kupe lazima ang'ate ndipo afe, na mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kwamba baadhi ya mbwa wanaweza kupata degedege, kwa hiyo mwenye historia ya kifafa simpi. Banda lizibwe nyufa na kupuliziwa dawa iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha kibandiko. Kummwagia mbwa dawa ya josho la ng'ombe bila kuichanganya, au kumpaka oili chafu ya gari, ni kumtia sumu.

Mama akagusia sindano ya ivamektini ya ng'ombe, ambayo jirani humchoma mbwa wake "kidogo tu". Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Chupa ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kinga ya minyoo ya moyo kwa ivamektini ni mikrogramu 6 kwa kilo. Kwa Lulu hiyo ni mililita 0.0024, yaani robo ya mstari mmoja wa bomba la sindano ya insulini. Hakuna mkono wa binadamu unaopima robo ya mstari. Na mbwa wa ukoo wa Collie, wengi wao wana hitilafu ya kurithi inayoiachia dawa hiyo ipenye hadi kwenye ubongo.

Kwa nini basi nisiwape wote kila kitu, kila mwezi, tukalala usingizi? Marekani walifanya karibu hivyo kwa mbwa wa mashindano aina ya greyhound, na leo wapo safura wa mbwa wasiosikia dawa zote tatu kuu za minyoo. Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walipima maji ya mito 20 wakakuta fiproni, dawa ya viroboto, karibu katika kila sampuli. Mbwa wanaooshwa ni sehemu ya maelezo.

Nikamwandikia mama nyuma ya pakiti. Simba: dawa ya safura leo, irudiwe baada ya wiki tatu, kinyesi kipimwe tena, halafu kila miezi mitatu iwapo mapupu yatachemshwa, kidonge cha kupe mwaka mzima. Lulu: kinyesi kipimwe mara mbili kwa mwaka, kidonge cha minyoo akionekana nayo, kupe, sawasawa na Simba. Pakiti moja ya vidonge vya minyoo akairudisha mkobani, nyingine akaniachia.

Alipofika mlangoni akageuka. "Na haya matone, si nitampaka paka wa nyumbani, yasipotee bure?" Nikatoka nyuma ya meza mbio. Kichupa kilikuwa cha pemetrini, na matone machache yanayomtosha mbwa yanaweza kumuua paka siku hiyohiyo.